Michezo ya telefone: nani aliifungua kabla ya watoto wetu?

Siku ya soko hapa Kalehe-centre kuna meza moja ya mbao inayozungukwa na watoto kuliko meza ya mandazi. Juu yake mna ordinateri ya zamani, betri ya gari, nyaya zilizofungwa kwa plastiki, na telefone kumi au kumi na tano zimelala zikinywa moto wa sola. Kijana mwenye meza anachaji, anauza yuniti, anaweka nyimbo kwenye kadi memwari. Na tangu familia za wakimbizi wa ndani zilipoongezeka ndani ya nyumba zetu, anaweka pia michezo. Ya pikipiki, ya mpira, ya ngumi. Mtoto analeta telefone ya mama yake, analipa franka kidogo, anarudi mbio akicheka.

Sina neno baya juu ya meza hiyo. Nimechaji rekoda yangu pale mara nyingi, na mara nyingine kwa deni. Lakini wiki chache zilizopita mama mmoja aliyehama kutoka upande wa Ziralo alinifuata hadi kwenye mlango wa redio na kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu.

Kijana wake wa miaka kumi na miwili alikuwa amewekewa mchezo wa pikipiki. Siku ya kwanza, furaha nyumba nzima, hata baba mwenye nyumba aliomba kujaribu. Siku ya pili matangazo yakaanza kufunguka yenyewe, hata mchezo ukiwa umefungwa. Yuniti alizonunua asubuhi, saa nne hazipo. Telefone ikawa na joto mfukoni kama vile imetolewa jikoni. Siku ya tatu, saa sita ya mchana, ilizimika kabisa. Saa hiyo hiyo mume wake alikuwa anampigia kutoka Bukavu kumwambia asisafiri, kwa kuwa yeye mwenyewe anakuja. Hakumpata. Mama akapanda mtumbwi kwenda Bukavu, na baba akapanda mwingine kuja Kalehe. Walipishana juu ya ziwa. Nauli zote mbili zilikuwa za kukopa.

Watu waliposikia habari hiyo walicheka, na yeye mwenyewe alicheka alipokuwa ananieleza. Kisha akasema: "Papa mwandishi, ule mchezo ulikuwa na nini ndani?"

Nilienda kumuuliza kijana wa meza. Naye hajui. Aliupata kwa Xender kutoka kwa rafiki wa Kadutu, rafiki aliupata kwa mtu wa Goma, na huyo wa Goma hakuna anayemkumbuka. Mchezo umepita mikononi mwa watu ishirini na hakuna hata mmoja aliyeufungua kuona kilichomo. Wote waliuonja tu kama watoto, na ulipocheza vizuri wakasema ni mzuri.

Nataka leo nitoe maoni yangu juu ya jambo hili. Najua kuna watakaosema: Kalehe ina mambo makubwa kuliko michezo ya watoto. Ni kweli. Lakini tuangalie telefone ni nini kwetu kwa wakati huu. Tangu mabanki ya Bukavu yalipofunga milango mwezi wa pili wa mwaka 2025, pesa ya familia nyingi inapita kwenye telefone. Msaada ukitolewa kwa njia ya telefone, unaingia pale. Habari ya barabara ya Minova, kama inapitika au haipitiki, inaingia pale. Ndugu aliyepotea akipatikana, namba inayolia ni ile ile. Na nyumba nyingi za wakimbizi zina telefone moja tu kwa watu saba au nane. Telefone ya pesa na telefone ya mchezo wa pikipiki ni kitu kimoja. Ndiyo maana naona ni suala la usalama wa nyumba.

Na hatuko peke yetu. Mwaka 2016 dunia nzima ilishikwa na mchezo unaoitwa Pokémon GO. Ulitolewa kwanza katika nchi chache, na watu wa nchi nyingine hawakuwa na subira. Wakaanza kupeana nakala pembeni, kama sisi tunavyofanya. Siku tatu hazikuisha, watu wabaya walikuwa tayari wametengeneza nakala yao. Ilicheza vizuri, sura yake ilikuwa ile ile, lakini ndani walikuwa wamepachika programu ya kupeleleza iitwayo DroidJack, inayoweza kusoma ujumbe, kuchukua orodha ya namba na hata kurekodi sauti. Wataalamu wa kampuni ya Proofpoint ndio walioigundua na kuonya watu. Hao walikuwa watu wenye intaneti ya haraka na wenye duka rasmi la programu, walichokosa ni subira tu. Sisi tunakosa megabaiti, na duka rasmi kwetu ni kama duka la Ulaya: unalijua jina lakini huingii.

Tena mwaka 2020 kampuni ya usalama Upstream ilitangaza kwamba kwenye telefone za bei nafuu za aina ya Tecno W2, zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, walikuta programu chafu imo tayari tangu kwenye boksi, inamwandikisha mwenye telefone kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Kampuni ya telefone ilisema kosa lilitoka kwa mtu mmoja katikati ya njia ya usambazaji. Yaani hata huko kuna "mtu wa Goma" ambaye hakuna anayemkumbuka.

Sisi Wakongomani tunajua uchungu wa kukatwa yuniti kimyakimya. Tulikatwa kwa ajili ya RAM tangu mwaka 2020 hadi ilipofutwa mwaka 2022, na watu walipiga kelele hadi bungeni. Lakini mchezo ukikukata yuniti, utampigia kelele nani?

Sasa jibu la haraka la wazazi wengi ni kupiga marufuku. Ondoa michezo yote, chapa mtoto, basi. Mimi pia nilifikiri hivyo. Nilibadilika nilipokaa na watoto wa familia zilizofika kutoka Nyamukubi baada ya mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023. Wengi mnakumbuka, ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, mito ikashuka Bushushu na Nyamukubi na kuchukua watu kwa mamia. Kulikuwa na mtoto ambaye hakusema neno kwa siku nyingi. Neno lake la kwanza nililolisikia lilikuwa "zamu yangu", alipokuwa anagombania telefone na dada yake. Tangu siku hiyo siwezi kumwambia mtu kwamba mchezo ni upuzi.

Kwa hiyo swali langu ni hili: tutapata wapi michezo ambayo ndani yake mnajulikana, na tutaigawana vipi bila kuchafuliwa njiani?

Sehemu ya kwanza ya swali ina jibu zuri kuliko watu wengi wanavyofikiri. Ipo michezo inayoitwa huria. Maana yake si tu kwamba haiuzwi. Maana yake ni kwamba aliyeitengeneza ameweka wazi maandishi ya ndani, yale ambayo ordinateri inayasoma ili mchezo ucheze. Mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuyasoma, kuyarekebisha, kuyatafsiri, na sheria ya mchezo wenyewe inamruhusu kuugawa kwa jirani. Ni kama mama anayeuza sombe na kukuonyesha jungu, viungo na maji aliyotumia, na kukuambia nenda ukapike nyumbani kwako. Mchezo wa pikipiki wa yule kijana ni sombe iliyofungwa kwenye plastiki nyeusi.

Mfano ni GCompris. Ulianzishwa na Mfaransa Bruno Coudoin mwaka 2000, na jina lake ukilitamka kwa Kifaransa linasikika "nimeelewa". Una mazoezi zaidi ya mia kwa watoto wa miaka miwili hadi kumi: kuhesabu, herufi, saa, ramani, kushika panya wa ordinateri. Mtoto aliyekosa mwaka mzima wa shule kwa sababu ya kukimbia anaweza kushika hesabu pale bila mwalimu kumgombeza. Kwa wakubwa kidogo yupo Mwingereza Simon Tatham aliyekusanya mafumbo madogo karibu arobaini, mepesi sana, yanayocheza hata kwenye telefone ya kizamani. Kwa wapenda mwendo kasi kuna SuperTuxKart, mashindano ya vigari, lakini huo ni mzito, usiuweke kwenye telefone ndogo.

Na kuna mtu mmoja ambaye ningependa kila mtoto mkimbizi wa Kalehe amjue. Anaitwa Lual Mayen. Wazazi wake walikimbia vita vya Sudan Kusini na yeye akazaliwa njiani. Alikulia kambini kaskazini mwa Uganda, zaidi ya miaka ishirini. Alipoona ordinateri kwa mara ya kwanza, pale wakimbizi walipokuwa wanaandikishwa, alimwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama yake, fundi wa kushona, aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi akafikisha dola 300 na kumnunulia. Kijana alitembea saa tatu ili kupata moto wa kuichaji. Akajifunza mwenyewe, akatengeneza mchezo unaoitwa Salaam, ambamo mchezaji anaharibu mabomu ili kulinda amani. Na aliwafikishiaje wenzake kambini? Kwa Bluetooth, telefone kwa telefone. Mwaka 2018 alisimama kwenye jukwaa la tuzo za michezo ya video huko Marekani. Njia aliyoanzia ni ile ile ya meza yetu ya sokoni. Tofauti ni kwamba pale kambini kila mtu alimjua aliyeutengeneza.

Hapo tunafika kwenye sehemu ya pili ya swali, na hapa ndipo sikubaliani na baadhi ya vijana wa informatiki wa Bukavu niliozungumza nao. Wao wanasema: tuwapelekee watu michezo huria, tatizo limekwisha. Halijaisha. Mchezo wa 2048, ule wa kuunganisha namba, ulitengenezwa mwaka 2014 na kijana Mwitaliano Gabriele Cirulli, akauweka wazi kwa wote. Watu waliuchukua, wakauvalisha matangazo, wakaurudisha sokoni kwa majina mengine. Uhuria ule ule uliotupa sisi mchezo uliwapa wao mlango. Na mwezi wa sita mwaka 2023 kulitokea jambo kubwa zaidi. Wachezaji wa Minecraft wana mahali pa kupeana nyongeza za mchezo, panaitwa CurseForge na pengine Bukkit. Wezi waliingia kwenye akaunti za watengenezaji wanaoaminika na kupachika programu ya kuiba maneno ya siri ndani ya kazi zao. Aliyechukua nyongeza siku hiyo alichukua kutoka mahali pa kuaminika, kwa mtu wa kuaminika, na bado akaibiwa. Kilichosaidia ni kwamba wachezaji wenyewe walifungua faili, wakasoma, wakaonya wengine siku hiyo hiyo na kutengeneza chombo cha kuikamata.

Kwa hiyo mahali pa kugawana panahitaji kulindwa kama mchezo wenyewe. Chukua gunia la unga linalotoka depo ya Bukavu. Limeshonwa. Ukikuta limeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, unauliza kabla ya kulipa. Programu nazo zina uzi wao. Kila faili ukiipitisha kwenye hesabu maalumu inatoa mfululizo wa herufi na namba 64, tuuite alama ya kidole. Badilisha hata nukta moja ndani ya faili, alama inabadilika yote. Mtengenezaji anatangaza alama ya faili yake, wewe unapiga hesabu ya faili uliyopata, unalinganisha. Zikifanana, gunia halikufunguliwa njiani. Lakini lazima alama uipate kwa mtengenezaji mwenyewe, si kwa yule aliyekuletea gunia. Hapo wengi wanajidanganya.

Kuna duka huria la programu za Android liitwalo F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010, ambalo linafanya kazi hiyo kwa ukali. Linachukua maandishi ya wazi, linayapika lenyewe, na kama programu ina tabia mbaya, kwa mfano kumfuatilia mtumiaji, linaandika onyo mlangoni. Hata lina njia ya telefone mbili kupeana programu bila intaneti. Kama kijana wa Kadutu angekuwa analichukulia kule, tungekuwa na mahali pa kuanzia.

Pendekezo langu kwa Kalehe ni dogo. Ordinateri moja ndogo, za aina ya Raspberry Pi zinazoenea kwenye kiganja, inayokula moto kidogo kama telefone inayochaji. Inatoa Wi-Fi ya kijiji, bila intaneti. Unafika karibu, unaunganisha telefone, unafungua ukurasa, unakuta michezo iliyopimwa. Si ndoto. Kolibri ya shirika la Learning Equality inafanya kazi hivyo kwa masomo, bila intaneti, na inaongea Kiswahili. Tangu mwaka 2013 Vodafone Foundation na UNHCR wanaendesha madarasa ya namna hiyo kwenye kambi, wakianzia Dadaab kule Kenya, na baadaye hata Tanzania na Kongo yetu. Ndugu zetu wa Fizi na Uvira walioko Nyarugusu, Kigoma, wanaweza kutueleza.

Iwekwe wapi? Kwenye redio ya jamii, au parokiani, au kwenye shule yenye mlinzi. Mimi naegemea redio, na mtasema najipendelea. Redio ina sola, ina mtu usiku, na watu wamezoea kuja kulalamika pale. Jambo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote: sanduku lisilo na mtu wa kulalamikiwa halina usalama wowote.

Na funguo ziwe kwa watu wawili. Mmoja anashusha faili kule Bukavu kwenye intaneti. Wa pili, asiye ndugu yake wala rafiki yake wa bia, anapiga hesabu ya alama na kulinganisha na ile ya mtengenezaji. Mmoja peke yake asiweze kuingiza kitu. Orodha ya alama ichapwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na kila mwezi sanduku lote lipimwe upya mbele ya watu. Kadi memwari ya akiba ikae imefungwa kwa bahasha, siku sanduku likichafuka lirudi kama lilivyokuwa.

Halafu aina ya michezo. Ningeanza na ile inayocheza ndani ya kivinjari, bila kuwekwa kabisa kwenye telefone. Mafumbo ya Simon Tatham yanaweza hivyo, 2048 yenyewe ya asili inaweza hivyo. Ukifunga ukurasa mchezo umebaki kwenye sanduku, haukugusa ujumbe wako wala pesa yako. Kwa familia yenye telefone moja hiyo ndiyo njia ya kwanza. Baadaye ndipo waje wale wanaotaka kuwekwa, na hapo sharti liwe kali: mchezo usioomba ruhusa ya intaneti, wala ya kusoma ujumbe, wala ya orodha ya namba, wala ya mahali ulipo. Mchezo wa kuhesabu machungwa unataka namba za shangazi yangu za nini? Na kila anayewekewa afundishwe kurudisha kufuli ya telefone baada ya kazi, ile inayozuia programu za nje ya duka. Vijana wa mezani wanaifungua na kuiacha wazi, na mlango huo unabaki wazi miezi yote.

Kuna sharti moja ambalo sitakubali kulilegeza. Sanduku lisiandike jina la mtu. Lisiulize namba, lisiulize kijiji ulichotoka, lisiweke kumbukumbu ya nani alichukua nini. Najua wafadhili wanapenda orodha: wanaume wangapi, wanawake wangapi, wametoka grupema gani. Najua pia tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina Kodi ya Digitali, sheria inayolinda habari za mtu binafsi. Lakini karatasi ya sheria haitasimama mlangoni usiku. Kwenye teritware kama yetu, ambapo mamlaka yanabadilika na watu wanahama tena kabla ya kufungua mizigo, orodha ya majina ni kitu kinachoweza kuua. Kama mnataka kuhesabu, hesabuni mara ngapi mchezo umefunguliwa. Inatosha.

Sasa, yule kijana wa meza. Wengine wanataka afungiwe. Mimi napinga. Yeye ndiye mtandao wetu. Siku ambazo antena zote zilikuwa kimya, yeye ndiye aliyekuwa anahamisha sauti za ndugu kutoka kadi hadi kadi. Tukimtenga, watoto watamfuata nyuma ya soko, na tutakuwa tumepoteza mtu wa kuongea naye. Afadhali awe wakala wa kwanza wa sanduku. Leseni huria inamruhusu kugawa mchezo, na hakuna anayemkataza kulipwa kwa kazi ya mikono na moto anaotumia. Abandike karatasi ya alama kwenye meza yake. Mama akifika na kuuliza "mchezo huu umetoka wapi?", awe na jibu. Naamini kwa muda mfupi meza yenye jibu itakuwa na wateja kuliko meza isiyo nalo.

Mwalimu mmoja wa hapa aliniambia kwamba haya yote yatadumu hadi mradi uishe, kisha sanduku litageuka kiti cha kuku. Hilo ndilo pingamizi linaloniuma, kwa sababu nimeliona kwa macho. Niliwahi kuona vifaa vizuri vikiletwa kwa sherehe, picha zikapigwa, na miezi michache baadaye kadi memwari ikaharibika na hakuna hata mmoja aliyejua neno la siri. Nadhani kosa lilianza siku ya kwanza, pale hakuna kijana wa hapa aliyefundishwa kukifungua. Sanduku la michezo ninalosema lisifike likiwa tayari. Lifike likiwa vipande, na wanafunzi wa informatiki wa Bukavu walikusanye hapa hapa pamoja na vijana watatu au wanne wa Kalehe na angalau mmoja wa familia za wakimbizi, mbele ya macho ya watu, na makosa yao yote. Likiharibika, aliyelikusanya analijua.

Na hao wanafunzi wasiishie kubeba michezo ya Wafaransa na Waingereza. Zipo injini huria za kutengenezea michezo, kama Godot, ambayo haidai franka hata moja. Tuna ule mchezo wa mashimo na kete ambao wazee wa kando ya ziwa wanacheza hadi jioni, na hakuna anayeuandika. Tuna Kihavu, tuna Kitembo, tuna Mashi, lugha ambazo hakuna kampuni kubwa itakayozileta kwenye mchezo wa watoto. Na mzee mmoja wa Bushushu aliniambia kitu ambacho sijakisahau: kwamba watoto wengi siku ile hawakujua kuwa mto ukiunguruma kabla ya maji kuonekana, mtu anaacha kila kitu na kupanda pembeni, mbali na bonde. Mchezo mdogo wa kufundisha hilo tu, kwa Kihavu, uwezao kucheza kwenye telefone ya bei ya chini kabisa. Nani mwingine atautengeneza kama si sisi?

Nilimpelekea kijana wa meza mawazo haya. Alisikiliza akiendelea kusugua nyaya za chaja. Aliuliza kama sanduku litakula moto wake au moto wa redio. Nikamwambia wa redio. Akauliza kama mchezo wa pikipiki utakuwemo. Nikamwambia ule aliokuwa nao haumo, tutatafuta mwingine. Akafungua ordinateri yake, akautafuta ule wa zamani, akakaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kisha akasema: "Ngoja kwanza. Nikiufuta leo, kesho watoto watakuja na hamjaniletea kitu." Akaufungia kwenye folda nyingine na kuandika jina lake kwa herufi kubwa: USIGUSE.

Yule mama wa Ziralo bado anapita redioni kila anapoenda sokoni, na bado ananiuliza kama jibu limepatikana. Telefone yake aliifuta yote, na picha za nyumbani kwake zilizokuwa humo zilienda nazo.